Akili Mnemba: Tuijue Kabla ya Kuiuliza Dini



Siku hizi mtu akikwama katika mas-ala ya talaka au mirathi, hutoa simu akaiuliza akili mnemba, na jawabu huja papo hapo na Hadithi juu yake. Wazazi wanatuuliza: ni kitu gani hiki, na je, kiaminiwe?

Jina hilo alilibuni John McCarthy wa Marekani, kwa ajili ya mkutano wa Dartmouth wa mwaka 1956. Lakini neno "algorithi", yaani hatua ambazo kompyuta hufuata, linatokana na Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ambaye kitabu chake cha al-jabr kina sehemu ndefu ya hesabu za wasia na mirathi. Basi elimu hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani.

Mwanzoni kompyuta iliandikiwa kanuni: ikiwa hivi, basi vile. Mafungu ya mirathi yanaingia vizuri humo. Tawi la pili ni mashine kujifunza: haipewi kanuni bali mifano mingi mno, ikatafuta yenyewe mwenendo uliomo. Ndilo linalowezesha kompyuta kutambua uso katika picha, au dalili za kifua kikuu katika eksirei. Hilo hatuoni ubaya wake. Roboti nazo tunazijua, za viwandani.

Tatizo letu liko katika tawi la lugha, ambalo watu wengi walilijua ilipotoka ChatGPT mwezi wa Novemba 2022. Mashine hii imesomeshwa maandishi mengi, na kazi yake ni kukisia neno gani lifuate. Kukisia tu. Ndiyo maana huweza kutoa Hadithi yenye mpokezi na nambari, ukaitafuta kwa Bukhari na Muslim usiione. Wala haikukusudia kudanganya, haijui tofauti. Wanachuoni wetu waliuliza kwanza: umeipokea kwa nani? Mashine haina isnadi.

Tena, mume akija na suala la talaka, sheikh humuuliza: ulitamka nini hasa, mara ngapi, ulikuwa katika hali gani? Mashine mara nyingi hujibu kile ulichoandika, na aliyeandika ni upande mmoja.

Kwa hiyo itumieni kutafutia, kisha fungueni kitabu chenyewe. Ndoa, talaka na mirathi zipelekeni kwa Kadhi. Na kwa kuwa sauti nayo sasa huigwa, mama akipigiwa simu na "mwanawe" wa Muscat anayetaka pesa haraka, akate, ampigie kwa nambari anayoijua.

Wallahu a'lam.