UCHAMBUZI: Harambee huisha na mazishi, wakfu hubaki

MICHANGO haijawahi kukauka katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, ni nadra wiki kupita bila familia kuombwa kuchangia bili ya hospitali, gharama za kusafirisha maiti au karo ya mtoto wa jirani.

Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, ombi hilo hufika kwa simu na pesa hutumwa kwa muda usiozidi dakika moja. Hivyo basi, tatizo la wakazi wa mitaa hii si uchoyo. Tatizo ni kwamba fedha zinazotolewa humalizika pamoja na dharura iliyozileta. Marehemu akishazikwa, daftari hufungwa. Jirani mwingine akifiwa, kamati mpya huundwa na safari huanza upya.

Ni pengo hili ambalo wakfu wa jamii unakusudiwa kuziba. Huu ni mfuko wa pamoja unaopokea michango ya familia nyingi, ndogo kwa kubwa, ukaiwekeza, kisha ukatumia mapato yake kufadhili mahitaji ya eneo fulani kizazi baada ya kizazi. Mtaji wenyewe hauguswi.

Wakfu wa kwanza wa aina hiyo ulianzishwa mwaka wa 1914 katika mji wa Cleveland, Marekani, na mwanasheria na mwenye benki Frederick Goff. Hata hivyo, wazo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Waislamu wa Pumwani, mtaa wa Waafrika uliotengwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920, wanaijua vyema kanuni ya wakfu: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu haiuzwi wala hairithiwi, bali mapato yake ndiyo hutumika kwa misikiti, madrasa, mayatima na maskini.

Nchini Kenya, taasisi iliyobeba wazo hili kwa muda mrefu zaidi ni Kenya Community Development Foundation (KCDF), iliyoanzishwa mwaka wa 1997 kwa usaidizi wa Wakfu wa Ford na Wakfu wa Aga Khan. Mbali na kutoa ruzuku kwa vikundi vya mashinani, KCDF hutunza mitaji ya kudumu iliyowekwa na jamii, familia na mashirika, kila mfuko ukiwa na lengo lake.

Faida kwa familia ni bayana. Watoto waliolelewa Jericho au Buruburu na ambao sasa wanafanya kazi ughaibuni wanaweza kutaka kumkumbuka mzazi wao kwa kusomesha watoto wa mtaa huo. Wakiamua kuunda shirika lao wenyewe, watalazimika kulisajili, kutafuta wadhamini, kuajiri mhasibu na kukagua hesabu kila mwaka. Wakiweka fedha hizo chini ya wakfu uliopo, mfuko hubeba jina la mzazi wao, nao husema zitumike kwa nini, huku kazi ya kuwekeza, kuchunguza waombaji na kutoa ripoti ikifanywa na wenye ujuzi.

Fedha za kuanzia hazikosekani kabisa. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024. Sehemu kubwa ya fedha kama hizo huwafikia jamaa kwa matumizi ya kila siku. Ni haki yao, lakini hata asilimia ndogo ikitengwa kwa ajili ya mtaa ingeleta mabadiliko.

Swali gumu ni iwapo mpango huu unawafaa pia wale ambao hawana jamaa ng'ambo, wanaoishi kwa kibarua cha Industrial Area au biashara ya Gikomba. Hapa hesabu ni muhimu kuliko hamasa.

Chukulia kwamba familia 40 za mtaa mmoja zinakubaliana kutoa Sh500 kila mwezi. Kwa mwaka, watapata Sh240,000. Katika miaka mitano, watakuwa wamechanga Sh1.2 milioni. Fedha hizo zikiwekezwa kwa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, zitazaa Sh120,000. Lakini mfumuko wa bei nao hula mtaji. Benki Kuu hulenga kuudhibiti karibu na asilimia tano. Kwa hivyo, nusu ya faida hiyo inafaa kurudishwa katika mfuko ili thamani yake isipungue. Zitasalia Sh60,000 pekee kwa mwaka.

Kiasi hicho kinazidi kidogo tu Sh53,554, ambayo imekuwa karo elekezi ya serikali katika shule za bweni za kitaifa. Yaani, familia 40 zitajinyima kwa miaka mitano ili kumsomesha mwanafunzi mmoja kwa wakati mmoja. Iwapo zingetumia michango yao moja kwa moja, zingelipia wanafunzi wanne kila mwaka katika kipindi hicho.

Je, ni yupi mwenye busara? Anayewasaidia wanne leo, au anayemsaidia mmoja leo, kesho na hata wafadhili wenyewe watakapokuwa wamefariki? Kwa mzazi ambaye mwanawe amefukuzwa shuleni asubuhi ya leo, ahadi ya mtaji wa kudumu ni maneno matupu. Usiku wa Aprili 2024, Mto Mathare ulipovunja kingo zake na kusomba nyumba, waathiriwa walihitaji blanketi na chakula. Hawakuhitaji ripoti ya uwekezaji.

Jawabu la busara basi ni kuchanganya. Sehemu ya mchango iwe ya dharura na sehemu iwe akiba isiyoguswa, kwa uwiano ulioandikwa mapema kabla machozi hayajaanza kuongoza maamuzi. Aidha, mtaa mmoja usitembee peke yake. Familia 40 ni chache, lakini mitaa 20 ikikusanya fedha zake chini ya wakfu mmoja, gharama za uendeshaji hupungua na nguvu ya kuwekeza huongezeka.

Kizuizi kikubwa zaidi, hata hivyo, ni uaminifu. Wakenya wameshuhudia kaulimbiu ya Harambee, iliyopigiwa debe na Mzee Jomo Kenyatta tangu uhuru mwaka wa 1963 na ambayo ilijenga shule na zahanati nyingi, ikigeuzwa ulingo wa wanasiasa kuonyesha ukwasi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ilijaribu kudhibiti mwenendo huo. Julai 2024, kufuatia maandamano ya vijana, Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki michango ya umma. Machi 2025, yeye mwenyewe alizua mjadala mkali kwa kutoa Sh20 milioni kwa kanisa moja mtaani Roysambu.

Eastlands pia ina kumbukumbu ya vyama vilivyovunjwa kwa amri. Luo Union na vyama vingine vya kikabila vilivyowasaidia wafanyakazi wa Nairobi kuzika wafu wao na kusomesha watoto vilitakiwa kufunga milango mwaka wa 1980. Lakini jumba la Ofafa Memorial mjini Kisumu, lililojengwa kwa michango ya Luo Union kumkumbuka diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa Nairobi, lilibaki baada ya chama chenyewe kutoweka. Kilichogeuzwa kuwa mali ndicho kilichodumu.

Kwa upande wa sheria, mazingira yameboreka. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka wa 2022 inaviwezesha vikundi vya mashinani kutambuliwa rasmi. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyopitishwa mwaka wa 2013, hatimaye ilianza kutekelezwa Mei 2024. Hata hivyo, nafuu ya kodi kwa anayetoa msaada humfaa zaidi mwenye mshahara na hati za ushuru kuliko mchuuzi wa Wakulima Market.

Mfano wa nidhamu haupo mbali. Muungano wa Wanavijiji, uliozaliwa mwaka wa 1996 katika vita dhidi ya ubomoaji wa makazi duni, umewazoesha wakazi wa maeneo kama Mukuru kuweka akiba kidogo kidogo na kuandika kila shilingi. Shirika lake la fedha, Akiba Mashinani Trust, hutumia nguvu hiyo kutafuta ardhi na makazi. Lengo lake si hisani, lakini funzo ni moja: maskini huamini mfuko ambao hesabu zake wanaweza kuzisoma.

Wakfu wowote unaotaka kukita mizizi Eastlands hauna budi kuanza hapo. Wadhamini wachaguliwe kwa muda maalumu, wanasiasa wawekwe kando, ada za uendeshaji zitangazwe waziwazi, na hesabu zisomwe hadharani katika ukumbi wa mtaa, kwa lugha ambayo mama mboga anaielewa. Pia mfuko usifuate kabila, kwani jirani anayekimbizwa hospitalini usiku haulizwi alikotoka.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wakazi wa Eastlands wamekuwa wakitia haba yao kwa karibu miaka mia moja. Kilichobaki ni kuhakikisha kibaba hicho hakina tundu.