Kuingia bustanini na kuikumbuka Goma



Swali la Jumapili ya leo limetoka mbali. Familia ya Kitanzania inayoishi Florida, Marekani, ina mtoto wa miaka kumi anayeomba kila siku apelekwe Super Nintendo World, bustani ya burudani iliyojengwa kwa mfano wa gemu za video za kampuni ya Nintendo ya Japani. Mama yuko tayari kumpeleka. Baba anasita. Amesoma habari za kampuni hiyo na madini ya Kongo, na anauliza: je, ni dhambi kulipa na kuingia humo?

Usiseme hilo ni swali la watu wa ng'ambo wenye nafasi. Kabla hatujamaliza utaona linakugusa hata wewe uliyekuja misani kwa miguu.

Bustani ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Osaka, Japani, Machi 2021. Ya pili Hollywood, Februari 2023. Na ya Orlando, Florida, Mei 2025. Zote zimo ndani ya viwanja vya burudani vya Universal. Ukiingia unajikuta katikati ya gemu yenyewe: uyoga mkubwa, kasri la adui, mashindano ya magari madogo. Ukinunua bangili yake maalumu, unapiga maboksi kwa ngumi na kukusanya sarafu za kuhesabiwa kwenye simu. Mzazi aliyecheza gemu hizo utotoni huingia akiwa amemshika mkono mtoto wake, na kwa saa chache wote wawili wana umri mmoja. Furaha ya namna hiyo si ya kudharauliwa. Anayempenda Mungu hana sababu ya kuogopa kicheko cha mtoto.

Lakini mashaka ya baba yule nayo yana msingi. Mwaka 2012, shirika la Enough Project la Marekani lilizipima kampuni 24 za vifaa vya elektroniki, kuona zinafanya nini ili zisinunue madini yanayolisha vita mashariki mwa Kongo. Nintendo ilipata sifuri. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba yenyewe haitengenezi vifaa vyake. Hutengenezewa na washirika, na inatarajia washirika hao wafuate miongozo iliyowapa. Tuseme kwa haki: hiyo ni taarifa ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, na hakuna anayeweza kukitazama kifaa dukani akajua madini yake yametoka shimo gani.

Hata hivyo, lisikilize tena jibu lile. Mimi sichimbi. Mimi sinunui mawe. Mimi niko mwisho wa mnyororo, mkono wangu uko mbali. Ndilo jibu ambalo mimi na wewe tungelitoa. Anayekata tiketi Orlando anawalipa Universal, nao wana mapatano na Nintendo, nayo ina washirika wanaonunua vipuri, vyenye madini yaliyopita kwa wafanyabiashara kadhaa kabla ya kufika kiwandani. Mkono uko mbali kwelikweli.

Seminarini tulifundishwa kulipima jambo la namna hii kwa utaratibu uliofafanuliwa vizuri na Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori, msimamizi wa waungamishi. Kwanza, je, unautaka uovu wenyewe? Ukiutaka, umeshiriki, hata kama hukugusa kitu. Pili, kama huutaka, je, tendo lako lenyewe ni baya? Tatu, mkono wako uko karibu kiasi gani na uovu ule, na sababu yako ina uzito gani? Baba yule hataki mtu yeyote ateseke. Kumpeleka mtoto kucheza si tendo baya. Mkono wake uko mbali, na sababu yake ni furaha ya familia. Kwa kipimo hicho namjibu wazi: si dhambi. Mpeleke mtoto.

Mtume Paulo alikutana na jambo linalofanana na hili Korintho. Nyama iliyouzwa sokoni huenda ilikuwa imetolewa kwanza kwa sanamu, na Wakristo waliogopa kuila. Paulo aliwaambia wale bila kuchunguza kila kipande, kwa kuwa dunia ni mali ya Bwana. Alijua pia kwamba mtu akitaka kujitenga na kila kilichoguswa na wakosefu, itambidi aihame dunia. Nami naongeza: baba aliyesoma habari za madini alizisoma kwenye simu. Kumnyima mtoto bustani huku simu ikibaki mfukoni ni kufunga kwa tumbo la mwenzako.

Wapo watakaoishia hapo, wamefarijika. Tusiishie hapo, kwa sababu Paulo naye hakuishia hapo. Baada ya kuwapa Wakorintho ruhusa, aliwauliza habari za ndugu. Yupo ndugu ambaye Kristo alimfia. Je, kula kwako kunamjeruhi? Swali la nyama lilikuwa dogo. Swali la ndugu ndilo lililokuwa kubwa.

Na ndugu huyo tunamjua. Anaishi Goma, Bukavu, Masisi. Anasali kwa Kiswahili kama sisi. Huko Rubaya, wilayani Masisi, huchimbwa koltani, ambayo hutoa tantali, metali inayotumika katika vipuri vidogo vya simu, kompyuta na mashine za gemu. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliitwaa Rubaya. Januari 2025 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Tarehe 1 Februari 2023, mjini Kinshasa, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliwasikiliza watu wa mashariki mwa Kongo waliofanyiwa ukatili. Siku moja kabla yake alikuwa ameiambia dunia iondoe mikono yake Kongo na Afrika. Siku kumi na sita baadaye, bustani ya Hollywood ilifungua milango. Hakuna aliyekosea kwa kucheka siku ile. Ila yote mawili yalitokea mwezi mmoja, katika dunia moja ya Mungu mmoja, na Mkristo hana ruhusa ya kujua moja tu.

Kwa hiyo umbali wa mkono hupunguza hatia, ila haupunguzi upendo tunaodaiwa. Msamaria mwema hakumpiga yule mtu wa njiani. Hakuwa na hatia hata chembe, na bado alisimama.

Baba wa Florida, nenda na mtoto wako. Mkiwa kwenye foleni ndefu, mweleze kwa maneno ya umri wake kwamba ndani ya mashine anayoipenda kuna mawe, na mawe hayo huchimbwa na watu. Uiandikie kampuni barua uiulize madini yake yanatoka wapi. Kampuni hujibu inapoulizwa na wateja wengi, na mteja halali ni wewe uliyelipa. Kisha tenga kiasi, hata kama ni bei ya bangili ile moja, ukitume kwa Caritas kwa ajili ya waliokimbia makazi yao Kongo.

Nawe uliyeko hapa nyumbani, ambaye Orlando hutafika, simu uliyoizima kabla ya misa inakuuliza swali lilelile. Ikiharibika, mpelekee fundi kabla ya kukimbilia mpya. Kwenye maombi ya waamini, litajeni jina la Goma. Na mkimbizi wa Kongo akiketi benchi moja nawe, usimwulize tu amekuja lini. Mwulize ameacha nani.

Zakayo alikuwa na fedha chafu, na Yesu aliingia kwake mchana kweupe, watu wakanung'unika. Hatukumbuki siku ile kwa sababu ya chakula kilicholiwa. Tunaikumbuka kwa sababu kabla mgeni hajaondoka, maskini walikuwa wamepewa nusu ya mali, na walioibiwa wameahidiwa kurudishiwa mara nne.

Nawatakia Dominika njema.