Waje Kama Ndugu, Wasije Kama Mabwana

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwaka wa 2019 serikali ya Ghana iliutangaza kuwa Mwaka wa Marejeo, kwa kuwa miaka 400 ilikuwa imetimia tangu Waafrika waliotekwa walipofikishwa Virginia mwaka wa 1619. Wamarekani weusi wengi waliuitikia mwito huo, na baadhi yao wamehamia huko moja kwa moja. Mnamo Novemba 2024, watu 524, wengi wao Wamarekani weusi, walipewa uraia wa Ghana. Je, kuhamia kwao Afrika kuna heri au kuna shari?

Kwanza tuitazame heri. Mababu wa watu hawa hawakuondoka kwa hiari. Walipitishwa katika ngome kama zile za Elmina na Cape Coast wakiwa wamefungwa minyororo. Kuwafungia mlango wajukuu wao itakuwa ni kuikamilisha kazi ya wale waliowauza. Aidha, wapo waliokuja wakatufaa. Msomi W.E.B. Du Bois alihamia Ghana mwaka wa 1961, akiwa na umri wa miaka 93, ili aongoze kazi ya kuandika ensaiklopidia ya Afrika. Alichukua uraia wa nchi hiyo na akafia Accra mwaka wa 1963. Mtu kama huyu hakuja kutafuta ufuo wa kupunga upepo.

Hata hivyo, asiyesikia la Liberia ataliona lake. Kuanzia mwaka wa 1822, Wamarekani weusi walioachiliwa huru walipelekwa huko, wakajenga mji na kuuita Monrovia kwa heshima ya Rais James Monroe. Mwaka wa 1847 walitangaza jamhuri. Lakini wale waliokuwa wameonja dhuluma waligeuka wakawa wenye kuwadhulumu wenyeji. Wenyeji waliwekwa nje ya uraia hadi mwaka wa 1904, na chama kimoja cha wahamiaji kikatawala kwa zaidi ya miaka mia moja. Chuki iliyolimbikizana ililipuka mwaka wa 1980, Samuel Doe alipopindua serikali na Rais William Tolbert akauawa. Mwaka wa 1989 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Rangi ya ngozi pekee haikutosha kuwafanya kuwa ndugu.

Hatari ya leo haiji na bunduki. Inakuja na dola. Anayelipwa mshahara wa Marekani huku akiishi Accra anaweza kulipa kodi ya nyumba ambayo mwalimu wa shule ya msingi hataiota. Mwenye nyumba atamchagua nani? Vivyo hivyo kuhusu ardhi. Katiba ya Ghana ya mwaka wa 1992 haimruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa zaidi ya miaka 50 kwa mkataba mmoja. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inaweka ukomo wa miaka 99. Uraia ukitolewa, ukomo huo huondoka. Ndiyo maana naamini kwamba uraia haufai kugawiwa kwa shangwe za sherehe, bali utolewe kwa mtu aliyeishi na majirani, akajifunza lugha yao, akalipa ushuru na kutii sheria kama wao.

Kwa hivyo sisemi mlango ufungwe. Nasema mgeni aingie kupitia mlango ule ule anaoupitia mwenyeji, na serikali zimlinde mpangaji maskini kabla ya kumshangilia mwenye dola. Nanyi walimu, mnapowafundisha wanafunzi habari za biashara ya watumwa, msikomee pale meli zilipong'oa nanga. Wafundisheni pia habari za Liberia. Kizazi kitakachowapokea ndugu hawa sharti kijue kwamba aliyeonewa jana aweza kuonea kesho, akipewa nafasi bila masharti.