Petroli si sabuni ya gereji
Makanika wengi wa Makupa husugua oili sakafuni kwa petroli, kisha hunawa mikono kwa petroli iyo hiyo. Tabia hii sikubaliani nayo hata kidogo. Petroli ina benzini, sumu ipitayo kwa pumzi na ngozi. Anayeivuta miaka mingi yumo hatarini kupata saratani ya damu. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mama chai, na hapo ni moto.

Mwaga unga wa mbao unywe oili, ufagie, kisha sugua kwa sabuni ya unga na maji moto. Bora zaidi, tega karai chini ya injini. Saruji ikishanywa oili haitapiki. Na kijana anayetumwa kufagia apewe viatu. Ndara hazitoshi.