Fibroskopi: mpira mwembamba hautoshi, usafi ndio swali

Kipimo cha kuangalia tumbo kwa mpira wenye kamera, ambacho wengi wanaita fibroskopi, ni kazi ya hospitali kubwa. Kwa mkaaji wa Kibumba, katika teritwari ya Nyiragongo, hiyo ni kusema kushuka Goma, kilomita 20 hivi.

Wagonjwa wengi wanaogopa kumeza mpira huo, na watengenezaji wanajitahidi kuufanya mwembamba na laini zaidi. Hatari nyingine mgonjwa haioni. Ndani ya mpira mna vijia vya kupitisha maji, hewa na vifaa. Baada ya kila mgonjwa lazima visuguliwe kwa brashi, viloweshwe katika dawa ya kuua vijidudu, visuuzwe na kukaushwa. Uchafu ukibaki, anayefuata anaweza kuambukizwa.

Hata Marekani jambo hili liliwasumbua. Agosti 2019, mamlaka ya dawa FDA ilishauri hospitali zihamie kwenye mipira ya utumbo mwembamba yenye ncha za kutupwa, au ya kutumiwa mara moja tu.

Kwetu, ambako mara nyingi mgonjwa analipa kwa mfuko wake, kutupa kifaa kila mara ni mzigo. Maji nayo ni shida: Kibumba imekaa juu ya mawe ya volkano, na mwaka 1994 maji ya kambi ya wakimbizi yaliletwa kwa malori.

Kwa hiyo hospitali inayonunua au kupewa fibroskopi iulize kwanza: inasafishwa kwa maji kiasi gani, na nani amefundishwa kuisafisha?