Mtoto Akililia Wembe, Asipewe

Methali zetu ni hazina, lakini si kila methali hufaa kila mahali. Wahenga walinena, "Mtoto akililia wembe, mpe," wakimaanisha kwamba mkaidi hufunzwa na maumivu. Jikoni, fundisho hilo ni ghali mno. Kidole kilichokatwa na wembe hupona. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto huenda akabaki na ulemavu, kwa kuwa uji hunata mwilini na kuendelea kuunguza, nayo ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima.

Katika nyumba nyingi hapa Uganda, sigiri ya makaa huwekwa chini, kwenye kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Nasi wazazi huchagua moja kati ya mawili: ama twamfukuza mtoto jikoni, ama twamwachia binti wa miaka 7 sufuria motoni na mdogo wake mgongoni. Yote mawili ni makosa. Wa kwanza hukua bila kuujua moto. Wa pili hukabidhiwa moto kabla hajaumudu.

Iko njia ya tatu, nayo ni kupika pamoja naye. Mtoto wa miaka 5 aweza kuchambua maharage na kuosha mboga mbali na moto. Akifika miaka 9 au 10, afunzwe kumenya matoke kwa kisu kidogo, akiwa ameketi, na mkubwa akiwa kando yake. Kuinua sufuria ya maji yanayochemka kungoje apate nguvu. Sigiri na ichorewe duara la chaki, na wadogo wote wajue kwamba mstari huo hauvukwi. Mafunzo haya ni ya mvulana sawasawa na msichana, moto haubagui.

Jambo hili ni la uraia pia. Ibara ya 34 ya Katiba ya mwaka 1995 inakataza mtoto kuajiriwa au kutakiwa kufanya kazi yenye hatari. Tuisomapo, fikira zetu hukimbilia machimboni na mashambani. Mbona hazifiki jikoni mwetu?

Wajibu huu si wa mama peke yake. Mwenye nyumba ajengaye chumba kisicho na tundu la hewa ajue kwamba mvua ikinyesha mpangaji ataingiza sigiri ndani, na makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kuua waliolala. Mwenye duka anayepima mafuta ya taa kwenye chupa ya soda ajue kwamba mtoto mwenye kiu huitambua chupa, haitambui sumu.

Na ajali ikitokea, tuache dawa ya meno, siagi na mayai. Jeraha la moto lipozwe kwa maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya.

Ndugu msomaji, leo jioni kabla ya kuwasha makaa, tazama jiko lako kutoka kimo cha mtoto wako. Kila kilicho karibu na mkono wake, nawe ukijua chaweza kumdhuru, kiondoe kwanza. Chakula kitangoja.