Kocha Naye ni Mfanyakazi

Kutoka Upanga hadi Msimbazi na Jangwani ni mwendo mfupi, na timu ikifungwa, vijiwe vyote hubishania neno moja: kocha afukuzwe au abaki?

Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1. Siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira, "Robertinho", aliondolewa. Ilhali Agosti ya mwaka huohuo aliiongoza Simba kutwaa Ngao ya Jamii kwa kuishinda Yanga hiyohiyo kwa penalti. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Jangwani. Miguel Gamondi, aliyeipa Yanga ubingwa wa msimu wa 2023/24, alipoteza mchezo kwa Azam, kisha kwa Tabora United. Tarehe 15 Novemba 2024 naye akaachishwa kazi.

Hatusemi kwamba kocha haguswi. Shabiki anayelipa kiingilio kwa jasho lake ana haki ya kudai matokeo. Lakini hukumu ya haki hupima kazi nzima, na huuliza pia: nani alisajili wachezaji, na nani alikosea uwanjani? Mara nyingi kocha huondoka kwa sababu ni rahisi kumwondoa mtu mmoja kuliko kuwawajibisha wengi.

Basi tubishane, ila kwa kipimo kilekile ambacho tungependa waajiri wetu watupimie sisi, baada ya wiki mbili mbaya kazini.